Ramli ya Oscar na Shahidi Asiyeona

Jioni moja, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu wa kila siku. Kahawa ilikuwa imekwisha pita duru ya pili, na kashata zilizosalia sahanini zilikuwa mbili tu, kila mmoja wetu akimwonea mwenzake haya kuichukua ya mwisho. Mara akatokea kijana mmoja, mtoto wa ndugu yangu, simu mkononi, akawaamkia wazee mmoja mmoja kama alivyofunzwa, kisha akanigeukia mimi.

"Ami," akasema, "nipe majina matano ya waigizaji wanaume watakaoteuliwa kushindania Oscar. Sisi vijana tumo mashindanoni."

Nikamwuliza kama mashindano hayo yana dau. Akacheka. "Hayana dau, ami. Ila atakayeshindwa awanunulie wenzake kahawa na halua."

Mzee mmoja aliyekuwa akivuta tasbihi yake akainua uso na kusema kwamba halua nayo ni mali, na kwamba kamari nyingi zimeanza kwa kitu kitamu. Tukacheka sote. Nikamtaka kijana anisomee orodha yake kwanza. Akaisoma mbio mbio, kama muuza duka asomaye madeni ya wateja. Nikamwuliza, "Na filamu zao umeziona?"

"Bado, ami. Hazijafika huku. Lakini majina ni hayo hayo. Kila mtu asema hivyo."

Neno hilo, "kila mtu asema hivyo," ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule, na ndilo linalonifanya leo nishike kalamu. Najua kuna wasomaji watakaouliza mtu wa mashairi ataka nini katika mambo ya Hollywood. Jawabu langu ni kwamba mimi ni mtoto wa Mombasa. Nimekulia katika zama ambazo mtu alikuwa akitoka chuoni alasiri na bao lake kwapani, na jioni akijiiba kwenda kuchungulia senema ya Kihindi. Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, na ambaye mwaka 1954 alikuwa mwigizaji wa kwanza kupata tuzo ya Filmfare kule India, tulimjua kabla ya kujua ramani ya Kenya. Basi uigizaji si jambo geni kwetu, na kubishania nani bora si jambo geni vile vile. Ugeni umo katika hii tabia ya kumtaja bora bila ya kumwona.

MAMBO YALIVYO

Kwanza tuyaeleze mambo yalivyo, ili tusije tukahukumu tusichokijua. Chama kitoacho tuzo za Oscar, kiitwacho Academy, kiliundwa mwaka 1927. Tuzo za kwanza zilitolewa tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Roosevelt huko Hollywood, na waigizaji waliozipata ni Emil Jannings na Janet Gaynor. Usiku ule hapakuwa na mtu wa kubashiri lolote, kwani washindi walikuwa wamekwisha tangazwa miezi mitatu kabla yake.

Baadaye chama kikaona ni bora kuweka siri, lakini siri hiyo ilikuwa ikipewa magazeti mapema kwa masharti kwamba yasiichapishe kabla ya wakati. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times likaivunja ahadi, na wageni wakaingia ukumbini ilhali wameshasoma nani kashinda. Usiku huo ndio ambao Hattie McDaniel alikuwa Mweusi wa kwanza kupata Oscar, naye alikalishwa meza ya kando, mbali na wenzake aliocheza nao filamu ile ile. Tangu mwaka 1941 ndipo zikaanza bahasha zilizofungwa. Na mtu akishafungiwa bahasha, huanza kukisia kilichomo. Ndiyo asili ya watabiri.

Tuzo za uigizaji ni nne: mbili za waigizaji wakuu, mwanamume na mwanamke, na mbili za wasaidizi wao. Kila moja huteuliwa watu watano, jumla majina ishirini. Wanaoteua ni waigizaji wenyewe waliomo chamani, nao ni watu zaidi ya elfu moja. Kila mmoja huandika majina kwa kuyapanga, wa kwanza hadi wa tano. Hesabu yake ina hila ambayo wengi hawaijui. Tuseme kura zilizorudi ni 1,200. Hugawanywa kwa sita, ikaongezwa moja: mwenye kura 201 zilizomweka nafasi ya kwanza ameingia. Kwa hivyo mtu apendwaye sana na wachache huenda akapita, na mtu asifiwaye na wote, lakini akiandikwa wa nne au wa tano, akabaki nje.

Watabiri nao hufanyaje kazi? Wao hufuata nyayo. Kabla ya Oscar kuna tuzo nyingine zinazotangulia: Golden Globe, BAFTA ya Uingereza, tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani zilizoanza mwaka 1995, na nyingine nyingi. Mtu akitajwa huku na huku na kule, mtabiri humtia katika orodha. Ni hesabu, wala siikatai. Baharia naye hutazama wingu akajua upepo.

Ila hesabu hiyo ina mashimo. Mwaka 1963 Omar Sharif, Mmisri wa Alexandria, alipata Golden Globe kwa filamu ya Lawrence of Arabia, akateuliwa na Oscar, na Oscar ikamwendea Ed Begley. Mwezi wa Januari 2017 Aaron Taylor-Johnson alipewa Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Wiki mbili baadaye majina ya Oscar yakatoka na yeye hayumo kabisa. Aliyekuwamo kutoka filamu ile ile ni mwenzake, Michael Shannon. Na aliyeshinda mwisho wa yote ni Mahershala Ali, ndugu yetu Mwislamu, ambaye Golden Globe na BAFTA zote zilimpita.

Mwaka 2021 ulikuwa wa kuaibisha zaidi. Karibu kila mtabiri alisema mshindi ni Chadwick Boseman, aliyekuwa amefariki mwezi wa Agosti 2020. Hata wapangaji wa sherehe waliihamisha tuzo ya mwigizaji mkuu ikawa ya mwisho, jambo lisilo la kawaida. Bahasha ilipofunguliwa ikasoma Anthony Hopkins, mzee wa miaka 83, ambaye saa hiyo alikuwa kwao Wales, hayupo ukumbini. Sherehe ikaishia hapo, bila ya mshindi wala hotuba.

RIWAYA MOJA, VINYWA MIA

Lakini makosa ya watabiri sikuyaandikia makala haya. Kukosea ni ada ya mwanadamu, na yajayo ayajuaye ni Mola peke yake. Mimi nina shaka zaidi na siku ambazo watabiri husibu.

Zingatia, msomaji. Filamu zinazostahiki kushindania Oscar kila mwaka hupita 300. Mwigizaji wa Hollywood naye ni mtu mwenye kazi, mwenye watoto, mwenye kuchoka. Hana wasaa wa kutazama filamu 300. Ataanza na zipi? Ataanza na zile zinazotajwa. Na zinazotajwa ni zipi? Ni zile zilizomo katika orodha za watabiri. Basi mtabiri hasemi tu kwamba fulani atateuliwa. Kwa kule kusema kwake, anamfungulia fulani mlango, na asiyetajwa anafungiwa. Kisha majina yakitoka na kufanana na orodha, mtabiri hujipiga kifua na kusema, "Sikuwaambia?" Ni kama mtu aliyeziba mfereji juu, kisha akatabiri kwamba shamba la chini litakauka.

Chuoni tulifundishwa jambo moja ambalo sijalisahau. Habari ikiletwa na watu kumi, usihesabu vinywa. Uliza kila kinywa kimeipata wapi. Ikiwa wote kumi wameisikia kwa mtu mmoja, basi hiyo ni habari ya mtu mmoja, hata ikipita katika vinywa mia. Wanavyuoni wetu waliichuja elimu yao kwa kanuni hiyo. Nami nikizitazama orodha za Oscar naona vinywa mia na riwaya moja. Huyu kamnakili yule, na yule kamnakili mwingine, na kijana wetu wa barazani kawanakili wote, mwisho wa yote yasemwa, "Kila mtu asema hivyo."

Kuna watakaonipinga, nao wana hoja. Watasema kwamba lau si watabiri, Lupita Nyong'o wetu asingelijulikana. Ni kweli kwamba alikuwa mgeni kabisa, na 12 Years a Slave ndiyo filamu yake kubwa ya kwanza. Jina lake lilianza kutajwa mwishoni mwa Agosti na Septemba 2013, filamu ilipoonyeshwa katika matamasha ya Telluride na Toronto. Lakini waliomtaja siku zile walikuwa wametoka ukumbini saa ile ile, wamemwona kwa macho yao. Ule haukuwa utabiri, ulikuwa ushahidi. Na ushahidi huo ulikuwa na nguvu hata alipokosa Golden Globe tarehe 12 Januari 2014, na akakosa BAFTA mwezi wa Februari, zote mbili akipewa Jennifer Lawrence, bado tarehe 2 Machi ikawa ni yeye aliyepanda jukwaani kuipokea Oscar.

Mwaka huo huo kulikuwa na jambo jingine linalotuhusu watu wa pwani hii. Katika filamu ya Captain Phillips, watabiri walikuwa na yakini juu ya Tom Hanks, mwenye Oscar mbili nyumbani kwake, kwani alitajwa na Golden Globe, na BAFTA, na chama cha waigizaji. Majina yalipotoka Januari 16, Hanks hayumo. Aliyemo ni Barkhad Abdi, Msomali mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen, aliyekuwa dereva huko Minneapolis, na ambaye alikuwa hajaigiza filamu kabla ya hiyo. Yeye naye watabiri walikuwa wamemtaja, nakiri. Lakini haikuwezekana kutazama filamu ile ukamwona Hanks usimwone Abdi. Anayeitazama kazi kweli, macho yake hayaulizi jina.

Watataja pia mwaka 2023. Andrea Riseborough alicheza katika filamu ndogo iitwayo To Leslie, ambayo katika majumba ya senema ilikuwa imekusanya dola kama 27,000 tu. Golden Globe haikumtaja, wala BAFTA, wala chama cha waigizaji. Wiki za mwisho waigizaji wakubwa, akiwamo Cate Blanchett, wakaanza kumsifu hadharani na kuwahimiza wenzao waitazame filamu. Kwa ile hesabu niliyoieleza, wachache wenye mapenzi makali walitosha. Akateuliwa. Yakazuka maneno, hasa kwa kuwa Viola Davis na Danielle Deadwyler, wanawake wawili Weusi waliotarajiwa, waliachwa. Academy ikachunguza namna alivyopigiwa debe, na uteuzi wake ikauacha usimame.

Mimi kisa hiki chanivuta pande mbili. Upande mmoja nafurahi kwamba kazi iliyokuwa gizani iliangaliwa, na orodha za watabiri zikapasuka. Upande wa pili najiuliza: Riseborough alikuwa na marafiki mashuhuri wa kumpigia mbiu. Asiyekuwa na rafiki je? Mwaka 2015, na tena 2016, majina yote ishirini ya waigizaji yalikuwa ya watu Weupe. Siwezi kusema kwamba watabiri ndio waliosababisha. Lakini orodha ikizoea kujinakili, huzaa mfano wake yenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu apige kelele.

AIBU YANGU MWENYEWE

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu nami nimepata kuwa mmoja wao.

Miaka mingi iliyopita niliombwa niwe miongoni mwa waamuzi watatu wa mashindano ya mashairi ya vijana, katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja. Nilipewa mashairi arubaini na siku kumi za kuyasoma. Kabla sijafungua hata karatasi moja, nilikuwa nimeshasikia barazani kwamba mshindi ni fulani: kijana wa nyumba ya washairi, baba mshairi, babu mshairi. Nikatafuta shairi lake nikalisoma la kwanza. Lilikuwa shairi zuri, siwezi kulikanusha. Nikampa alama nyingi. Mengine nikayapitisha macho usiku mmoja, taa inazimika na kuwaka, nikiwa na mawazo ya gazeti la kesho. Mwamuzi wa pili na wa tatu nao walimpa yule yule. Tukasifiana kwamba tumeafikiana bila ya kushauriana. Kumbe sote tulikuwa tumekaa baraza moja.

Zawadi zikatolewa. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nikipanga makaratasi, likanitoka shairi lililoandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, yenye miraba. Mtungaji ni msichana wa shule. Alikuwa akieleza kungoja jahazi ya babake, jinsi mamake alivyokuwa akihesabu mawimbi kwa kunde za kupembua. Beti kumi na mbili, vina vyote vimekaa ila kimoja. Nikasimama wima katikati ya chumba. Pembeni palikuwa na alama nilizomtilia kwa mkono wangu, chache mno, na mimi sikumbuki kabisa kuwa nimewahi kulisoma shairi lile.

Nilimtafuta. Nilipompata mwaka ulikuwa umekwisha pita. Nikamwuliza kama bado anatunga. Akainamisha uso akaniambia, "La, mwalimu. Naliacha. Nalidhani mumelisoma mukaona halifai."

Msomaji, maneno hayo ninayo mpaka leo. Laiti angejua kwamba hakuhukumiwa, angeendelea. Yeye aliamini amepimwa akaonekana hafai, na kumbe mizani haikushikwa. Sikuwa na la kumwambia ila kumtaka radhi, nikamrudishia shairi lake nikiwa nimelinakili kwa mkono wangu. Kama alirudia kutunga au hakurudia, sijui.

MLANGO NA SEBULE

Ndiyo maana nikasema kura ni ushahidi. Kadhi akikuita ushuhudie, hakuulizi watu wanasemaje mtaani, akuuliza ulichokiona. Na ukishuhudia usichokiona, hata likitokea kuwa kweli, wewe ni shahidi wa uongo.

Nimefurahi kusikia kwamba Academy yenyewe imeanza kuligundua hilo. Mwezi wa Aprili 2025 ilitangaza kanuni kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika tuzo yoyote mpaka awe amezitazama filamu zote zilizoteuliwa kwa tuzo hiyo. Hii ni kanuni njema, na ajabu ni kwamba imechukua miaka karibu mia kuandikwa. Lakini itazameni vizuri. Kanuni hiyo yahusu kura ya mwisho, wakati ambapo majina yameshachujwa yamebaki matano. Kura ya kwanza, ya kuteua, haiguswi. Yaani sebuleni pamewekwa mlinzi, na mlangoni hapana mtu. Na dhulma nyingi hutendeka mlangoni.

Sisemi kila mwigizaji alazimishwe kutazama filamu 300, kwani hilo haliwezekani. Lakini yawezekana kila mmoja akapewa fungu lake kwa kura ya bahati nasibu, filamu kumi au kumi na tano ambazo hakuzichagua na hazitajwi na mtu, azitazame kabla ya kuandika majina yake. Wakiwa zaidi ya elfu, hapatabaki filamu isiyotazamwa na wengi wao. Nasi huku kwetu tuna tuzo za Kalasha hapa Kenya tangu mwaka 2009, na Zanzibar tamasha la filamu la nchi za jahazi tangu 1998, bila ya kutaja mashindano yetu ya mashairi na kasida. Kwetu kazi si nyingi kiasi cha kushindwa kuzitazama zote. Mwamuzi asiyekuwa na wasaa na akatae kazi mapema, kuliko kuipokea na kuuliza barazani nani atashinda.

Na vijana wetu, je, waache mchezo wao? La. Kubashiri kuna raha yake, na mtu akibashiri baada ya kutazama, amejifunza kutazama. Nilipokutana tena na mtoto wa ndugu yangu nilimwambia hivi: futa kila jina ambalo hukuliona likicheza. Akashika simu yake, akafuta, akafuta, mpaka likabaki jina moja.

"Ami," akasema, "kwa orodha hii nitashindwa."

Nikamwambia anieleze huyo mmoja alimpendea nini. Akaanza kwa kusitasita, kisha akachangamka: namna mwigizaji yule alivyokaa kimya mezani wakati wenzake wanagombana, namna alivyoshika kikombe asikinywe. Alizungumza karibu robo saa, na wazee wote wakanyamaza wakimsikiliza, hata yule wa tasbihi. Alipomaliza, mzee huyo akauliza filamu hiyo yaitwaje, na yapatikana wapi.

Kahawa ya usiku ule nilinunua mimi, na halua juu.